Nani Anaona Ukoka? Maongezi Kuhusu Kinaya

(Haya ni maongezi niliyotoa Tanga mbele ya vijana wanaoanza kuandika na walimu wenzangu wachache wa Kiswahili, jumamosi asubuhi. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nami nimekaa nikayaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu kikohozi na pale umeme ulipokatika.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie wengine habari za asubuhi. Wazee wangu shikamooni.

Kwanza nawashukuru kwa kujaa hivi, yani mpaka hewa haitoshi, wale waliokosa nafasi huko nje naomba wavumilie. (Watu wanacheka. Ukumbi una viti kama mia hivi, sisi tuko ishirini na kitu, na huko nje hakuna mtu zaidi ya muuza kahawa.)

Mmecheka. Haya niambieni mmecheka nini? Nimesema uongo mchana kweupe mbele ya watu wazima na hakuna hata mmoja aliyeniita muongo. Mngeweza kusema huyu mzee haoni, akapimwe macho. Hamkusema. Mmetazama viti, mmetazama uso wangu, mkajua namaanisha kinyume, afu mkajua kwamba mimi najua kwamba nyie mnajua, na yote hayo yamefanyika kabla sijameza mate. Ndo maana huwa nashangaa kijana wa kidato cha nne nikimuuliza kinaya ni nini anatoka jasho, wakati jana tu mama yake kamkuta amelala saa nne asubuhi akamwambia "endelea kulala baba, nikuletee na chai hukohuko kitandani", na kijana aliruka kitandani kama kaumwa na siafu. Hakwenda kusubiri chai. Kinaya anakijua vizuri sana, kinachomshinda ni ile maana aliyokariri kwenye daftari.

Na hapo kwenye daftari na sisi walimu tuna makosa, tuseme ukweli. Kwanza majina yenyewe tumeyavuruga. Wenzetu Kenya kwenye fasihi wanasema kinaya na wametulia nalo, sisi huku utakuta noti moja inasema kejeli, nyingine shitihizai, nyingine dhihaka, mtoto anakariri yote matatu kama majina ya mtu mmoja mwenye pasipoti tatu. Mi leo nitatumia kinaya basi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu na kwao kwenye elimu ya balagha, yani elimu ya ufundi wa kusema, halina maana hii yetu hasa, kwao ni kulielezea jambo kwa kupitia dalili yake bila kulitaja lenyewe. Mfano wao maarufu ni kumwita mtu "mwingi wa majivu". Ukisikia hivo unadhani katukanwa, kumbe kasifiwa, manake mtu mwenye majivu mengi jikoni ni mtu ambaye moto wake hauzimiki, anapika kutwa, wageni hawakauki kwake. Tumelichukua neno tukalisogeza kidogo, lakini ile tabia ya kusema hiki ili msikilizaji afike kule imebaki.

Sasa nataka niwape kitu kimoja tu leo, mkitoka hapa mkisahau mengine yote hiki mkumbuke. Mnaujua ule msemo wa kumvisha mtu kilemba cha ukoka? Eeh, kumsifia mtu sifa za uongo. Hebu acheni msemo, ioneni picha yenyewe. Mtu kavishwa kilemba, anatembea barabara ya kumi na mbili kifua mbele, anajua kavaa kilemba cha haja. Waliosimama barazani wanaona ni majani. Kitu ni kimoja, kipo juu ya kichwa kimoja, lakini kuna anayeona kilemba na kuna anayeona ukoka. Basi mimi kila nikisoma kitabu nikahisi hapa pana kinaya, sijiulizi "je maana iko kinyume", najiuliza nani anaona ukoka na nani bado anaona kilemba. Ukijibu hilo umemaliza kazi, aina ya kinaya itajitaja yenyewe.

Nilivosema mmejaa mpaka hewa haitoshi, sote tuliona ukoka, mimi na nyie. Hicho ndo cha maneno.

Kuna kingine ambacho msomaji au mtazamaji anauona ukoka, mhusika hauoni, maskini ya Mungu. Hiki bibi zetu walitufundisha mkekani kabla hatujajua hata kuandika majina yetu. Mnakumbuka kisa cha nyani na papa? Nyani na papa ni marafiki, nyani anamtupia matunda kutoka juu ya mti, siku papa anambeba mgongoni waende kwao baharini, na wakiwa katikati ya maji papa anafungua mdomo anasema ukweli, kwetu sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa nyani. Nyani anasema ala, mbona hukusema mapema, sisi nyani tukitoka huwa mioyo tunaiacha mitini, turudi nikauchukue. Na papa anageuka!

Sasa bibi yangu akifika hapo alikuwa hana haraka kabisa, anatafuna tambuu yake taratibu, papa anaogelea kurudi, anaogelea, na sisi watoto tumeshaanza kujigaragaza kwa kicheko wakati nyani hata mtini hajafika. Tunacheka nini, hakuna kilichotokea bado. Tunacheka kwa sababu kila papa anavopiga mkia kwa bidii ndo anavozidi kuipoteza dawa ya sultani wake, na yeye anajiona mjumbe hodari. Bidii yake mwenyewe ndo inamuangusha. Shikeni hilo la bidii, tutalirudia sasa hivi.

Kuna tamthilia ya Wagiriki, Sofokle aliiandika zaidi ya miaka elfu mbili mia nne iliyopita, Samuel Mushi akatuletea kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Mji una tauni, watu wanakufa, na habari imekuja kwamba sababu ni muuaji wa mfalme wa zamani yupo humuhumu mjini. Edipode ni mfalme mzuri, lazima tuseme hivo, si mvivu, anasimama mbele ya watu anamlaani huyo muuaji, anasema atafutwe, afukuzwe, hata akiwa ni mtu wa nyumbani kwangu na mimi najua basi laana hii inipate mwenyewe. Na muuaji ni yeye. Hajui. Alimuua mzee mmoja njiani zamani kwenye ugomvi, mzee huyo ndo alikuwa mfalme, na zaidi ya hapo ndo alikuwa baba yake wa kumzaa, na mke wa mfalme aliyemuoa baadaye ni mama yake... haya mnajua.

Cha ajabu ni kwamba Wagiriki waliokuja kutazama walikuwa wanakijua kisa chote toka nyumbani. Hakuna aliyekaa pale kusubiri kujua muuaji ni nani. Ile taharuki tunayoijua sisi ya kwenye tamthilia za luninga za saa tatu usiku, eti nani kamuua nani, haikuwepo. Walichokisubiri ni lini atajua. Kila amri anayotoa, kila shahidi anayemuita, kila swali analouliza kwa akili zake nzuri, anapiga mkia kama yule papa. Kuna mjumbe anakuja mbio na habari njema kabisa za kumtoa hofu mfalme, na ndo habari hizo zinazommaliza. Afu kuna kipofu mle, mganga wa kuagua, ndo peke yake anaona, na mfalme mwenye macho yake mawili anamtukana kipofu kwa upofu wake. Mtazamaji anauona ukoka mpaka macho yanamuuma na hawezi kumwambia. Hapo hakuna kicheko tena, ndugu zangu. Chombo ni kilekile cha bibi na tambuu yake lakini hapa kinalia. Kwa hiyo yule anayewaambia kinaya ni mambo ya kuchekesha mwambieni akasome hiki kitabu afu arudi.

Kuna cha tatu, pale ambapo wote tulikuwa tunaona kilemba, mwandishi katuficha, mpaka upepo unavuma ndo tunaona majani. Hiki ndo wanafunzi wanakiharibu zaidi. Niliwahi kusahihisha mtihani mtoto kaandika "kuna kinaya pale mvua iliponyesha siku ya harusi". Mwanangu, mvua kunyesha siku ya harusi si kinaya, hiyo ni masika. Ni bahati mbaya, ni hasara ya maturubai. Ingekuwa kinaya kama wangemuajiri yule mzee wa kuzuia mvua, wakamlipa nusu, na yeye akaja kudai nusu iliyobaki amelowa chapachapa. Umeona tofauti? Lazima lile lililotokea limgeuke mtu kwa njia ileile aliyojipanga nayo. Wazee walishalimaliza kwenye methali moja, mchimba kisima huingia mwenyewe. Au penye miti hapana wajenzi. Hizo ni kinaya tupu na tunazitamka kila siku.

Na si kila mambo mawili yakikutana ni kinaya, mengine ni sadfa tu. Mwalimu Nyerere tafsiri yake ya Shakespeare, yule mwandishi wa Kiingereza, ile ya kuuawa kwa Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, rais katafsiri mchezo wa kuuawa mtawala. Januari 1964 jeshi likaasi Dar es Salaam na ikabidi ajifiche. Watu wengine wakisimulia hili wanang'aa macho, "kinaya hicho!" Hapana. Kutafsiri hakukuleta maasi, wala yeye hakutafsiri ili kuyazuia. Ni sadfa, ni nzuri ya kusimulia kijiweni, basi.

Lakini nikupeni kinaya cha kweli kilichotokea kwenye maisha. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka 1968 aliandika karatasi ya kuihoji serikali ya Jomo Kenyatta, ikaitwa Kenya: Twendapi? Swali tu. Jibu la swali likawa kifungo cha miaka mitatu, 1969 mpaka 1972. Huko ndani akatunga mashairi, akawa anayaandika kwenye karatasi za chooni. Alipotoka yakachapishwa 1973, Sauti ya Dhiki. Na mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi. Tuzo inaitwaje? (Mtu wa nyuma: Jomo Kenyatta.) Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta! Jina lililomfunga ndo jina lililomtuza, na kilichotuzwa ni kilekile kilichozaliwa na kifungo. Kama kijana angeniletea hadithi yenye mwisho huo ningemwambia bwana umezidisha, punguza, haiaminiki. Sasa hebu tafuta, pale mwaka 1974 nani alikuwa anaona ukoka. Hilo nawaachieni mkabishane njiani.

Nimetaja gereza makusudi. Manake kuna swali nililoulizwa nilipokuwa naandaa maongezi haya, mwalimu, kwanini mtu asiseme tu anachotaka kusema? Kwanini azunguke? Na jibu zuri kuliko yote mi naliona kwenye ule mchezo wa Shakespeare, ambao Mwalimu aliurekebisha ukatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Tukae hapo kidogo.

Kaizari, mtawala wa Roma, keshauawa. Bruto, mmoja wa wauaji, mtu anayeheshimika kwelikweli, anataka kuwaeleza wananchi kwanini. Antoni, rafiki wa marehemu, anaomba na yeye aseme neno kwenye mazishi. Kasio, muuaji mwenzake Bruto, anamvuta Bruto pembeni anamwambia usithubutu, hujui huyo atasema nini. Bruto anamkubalia Antoni lakini kwa masharti. Usitulaumu sisi. Msifu Kaizari unavoweza lakini sema sisi ndo tumekupa ruhusa. Na utaongea baada yangu. Kwa hiyo Antoni anapanda pale mdomo umefungwa kamba. Hawezi kusema "hawa ni wauaji". Sasa afanyeje?

Anaanza kwa kumsifu Bruto. Kwa maneno yangu mwenyewe, anasema Bruto kasema Kaizari alikuwa na uchu wa madaraka, na Bruto ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza umati bado unaamini hivohivo, kwamba ni mtu wa heshima. Kilemba hicho wote wanakiona. Afu anaongeza, Kaizari alileta mateka wengi Roma, fedha za kuwakomboa zikaingia hazina ya umma, huo ndo uchu? Lakini Bruto anasema alikuwa na uchu, na Bruto ni mtu wa heshima. Kaizari maskini wakilia alilia nao. Lakini Bruto ni mtu wa heshima. Nilimpa taji mara tatu mbele yenu akalikataa mara tatu. Lakini Bruto, jamani, ni mtu wa heshima.

Neno ni lilelile. Hajabadilisha hata herufi. Kila likirudi linakuwa limeoza kidogo zaidi, mpaka mwisho mtu wa kwenye umati mwenyewe anapiga kelele, heshima gani, wasaliti hao! Antoni hajasema. Wamesema wao. Akija kwenye wosia wa Kaizari, kwamba kila raia kaachiwa drakma 75 na bustani zake zinakuwa za umma, basi tena, mji unawaka moto. Ukimshitaki Antoni ukaleta maneno yake mahakamani utaleta nini? Alimsifu Bruto, tena mara nyingi kuliko mtu yeyote siku ile. Masharti yote katimiza.

Hapo ndo faida ya kuzunguka. Kinaya ni lugha ya mtu ambaye kazuiwa kusema na bado ana la kusema. Na huyu wetu wa hapahapa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karani kwenye serikali ya mkoloni, mwaka 1951 anatoa kitabu kuhusu nchi inayoelea hewani, nchi ambayo hakuna mtu mwenye akili anaweza kusadiki kwamba ipo. Anaiitaje? Kusadikika! Jina la kitabu pekee ni kinaya, bado hujafungua ukurasa. Ndani kuna mtu anaitwa Karama ameshitakiwa, kosa lake eti anataka kuwafundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi mema, wakahangaika, wakarudi na mema hayo mkononi, na zawadi yao ikawa jela. Fadhila za punda ni mateke. Mzungu akiuliza unamsema nani, jibu si rahisi tu, ni hadithi ya hewani hiyo bwana, nchi yenyewe haipo. Karani anarudi kwenye dawati lake.

(Hapa ndo umeme ulikatika, tukaendelea bila kipaza sauti.)

Sasa msije mkaenda nyumbani mkadhani kinaya ni ngao ya bure. Nikuambieni aibu yangu. Nilipokuwa mwalimu kijana shule fulani, sitaitaja, tulikuwa na mkuu wa shule ambaye alikuwa anakuja saa anayotaka yeye. Saa tatu, saa nne. Gwaride la asubuhi linaongozwa na mwalimu wa zamu, tunadanganya kaenda ofisi ya elimu. Nikaona mi ni mshairi, wacha nimtungie. Mahafali yakafika, nikasimama mbele ya wazazi nikasoma, ubeti mmoja naukumbuka hivi:

Jogoo wa kwetu hana, kazi tena ya kuwika,
Yupo mkuu mwanana, ndiye saa ya hakika,
Asipofika twaona, usiku haujatoka,
Saa yetu yatembea, ina suti na viatu.

Asipofika usiku haujatoka! Nilijiona Antoni wa Tanga. Walimu wenzangu wanaumana midomo wasicheke. Wazazi wakapiga makofi ya dhati, mkuu wetu anawahi jamani, ndiye saa. Na mkuu mwenyewe akasimama, kaguswa, akaniomba karatasi, wiki iliyofuata nikaikuta imewekwa fremu ofisini kwake ukutani. Nilikuwa nimemvisha kilemba cha ukoka na yeye kakipeleka kwa fundi kukitia nakshi.

Nilikosea wapi? Nimefikiri miaka mingi. Nilisahau kuwaachia dalili. Antoni anarudia, anarudia mpaka neno linanuka. Mimi nilipokusifuni kwa kujaa, viti vitupu vilikuwa mbele ya macho yenu. Lakini wale wazazi hawakuwa wanajua mkuu anafika saa ngapi, hawaishi pale. Maneno yangu hayakuwa na kitu cha kugongana nacho vichwani mwao, kwa hiyo yakapita moja kwa moja kama sifa. Ukiandika kinaya lazima ule ukweli wa upande wa pili uwepo karatasini, uuweke wewe, au uwe na hakika msomaji anao. Mdomoni una sauti na jicho la kukusaidia. Karatasi haina jicho.

Na haikuishia hapo. Baada ya lile shairi mkuu akaanza kuwahi. Saa moja kasoro kumi yupo getini na daftari. Na barua ya kwanza ya onyo la kuchelewa kazini katika historia ya shule ile aliandikiwa nani? (Watu wanacheka.) Aliandikiwa mshairi.

Haya maswali.

(Dada mmoja aliuliza tofauti ya kinaya na kijembe cha taarabu.) Swali zuri. Chukua kanga imeandikwa "hasidi hana sababu". Maana yake imefichwa? Haijafichwa, iko wazi kama jua. Kilichofichwa ni anayeambiwa, jirani gani pale uani. Kijembe kinamficha mlengwa, kinaya kinaificha maana. Unaweza ukavichanganya, na wale malkia wetu wa mipasho wanajua kuvichanganya, lakini ni vitu viwili.

(Kijana aliuliza kama kinaya ni lazima kiwe na kejeli.) Hapana, kejeli inataka mtu wa kuumia. Edipode nani anamkejeli? Hakuna. Na mtu anaweza kukukejeli bila kinaya hata chembe, akakwambia tu pua yako kama ndizi.

(Mzee mmoja wa mbele alisema kwao hayo yote yanaitwa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.) Mzee wangu, shikamoo tena, karibu lakini bado. Anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hataki ujue kwamba hupakwi, ukijua kazi yake imeharibika. Mwenye kinaya asipopatikana hata mtu mmoja wa kujua, yake ndo imeharibika. Mimi pale mahafali nilimpaka mkuu mafuta, kinaya kilikuwa kwa wale walimu sita tu waliokuwa wanaumana midomo.

(Halafu dada yuleyule akauliza, je mkuu hakuja kujua?)

Aah. Sikutaka kufika huko, lakini haya. Mkuu alistaafu, yuko shambani kwake Muheza, ana michungwa. Mwaka jana akanipigia, mwalimu njoo tule, tukaahidiana saa sita mchana. Nikafika, nimekaa sebuleni, naangalia ukutani nakuta ile fremu, shairi lileile, karatasi imeshakuwa ya njano. Nikahisi damu yote imeshuka miguuni. Nikajikaza nikamwambia mzee, hili bado unalo? Akasema silitupi, ndo shairi pekee nililotungiwa, na nilipolisikia siku ile pale mbele ya wazazi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ningefanya nini, nikaona nilipigie makofi. Afu akainuka kwenda jikoni kuangalia wali.

Miaka yote hiyo, wadogo zangu. Na mngejua tu, hata siku hiyohiyo nilipofika pale kwake mlangoni, kabla hatujakaa, alikuwa ameshanifungulia mwenyewe, akaangalia saa yake ya mkono, ilikuwa saa saba na nusu, akanipa mkono akatabasamu. "Karibu mwalimu," akasema, "umewahi."